Jinsi Constantin Alivyotutoka

Juru, Nakivale,
Uganda.
21 Aprili 2024

Mpendwa mdogo wangu Parfait,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Uko mzima? Watoto wameizoea baridi ya Finland, ama bado wanalala na makoti? Sisi miili inaendelea. Mvua ni mingi, maharagwe yamechanua. Mioyo ndiyo haijapona.

Kwenye simu ulilia, ukasema mtu wa tanuru afungwe, nami nikalia, hatukuelewana zaidi. Kwa hiyo nakuandikia nikueleze jinsi kaka yetu Constantin alivyokufa.

Unamkumbuka alipokuwa mtaalamu wa metali kule Likasi, Kongo? Alikuwa anakata kipande cha shaba, anakisugua mpaka kinang'aa, kisha anakitazama kwa hadubini na kusahau hata kula. Vita ikamtoa huko. Hapa Juru, kambini, alishika jembe kama sisi wote, vyeti vyake amevifunga ndani ya nailoni. Hakulalamika. Ila jembe la mtu likivunjika, alikuwa anaokota kile kipande na kuchungulia pale palipokatika.

Mwaka jana kiwanda kimoja cha kuyeyusha vyuma chakavu, nje ya Mbarara, kilimchukua apime ubora wa chuma. Parfait, ungemuona! Jumamosi akirudi, alikaa na binti yake Grâce, akimchorea mchangani jinsi chembe za chuma zinavyojipanga kikipoa haraka. Mkewe Pascasie alicheka: "Sasa nimerudishiwa bwana yangu."

Mwezi wa tatu lundo la vyuma lilinyeshewa. Constantin alikuwa amewaomba wakubwa walijengee paa, maana maji yakiingia kwenye chuma kilichoyeyuka hulipuka kama bomu. Waliahidi tu. Siku ile msimamizi aliwaharakisha watu wa tanuru. Mmoja wao, Elisée, Mrundi wa kambi ya Oruchinga, akatia tanuruni bomba lenye maji bila kujua. Constantin alikuwa mlangoni. Akakimbia akipiga kelele: "Hapana tia! Iko na maji!" Mashine zilinguruma, hakusikika. Akamfikia, akamsukuma pembeni, na chuma cha moto kikaruka, kikampata yeye. Kaka yetu alikata roho njiani, kabla ya kufika hospitali.

Tulimzika hapa Juru. Siku ya matanga Elisée alikuja, mkono mmoja umefungwa bandeji, akasimama nje ya uzio. Watu wakanung'unika. Hata mimi nilitaka afukuzwe. Pascasie akainuka, akamfuata.

"Alikuambia nini mwisho?"

Elisée alishindwa kuinua kichwa. "Aliponisukuma alisema nikimbie, mama."

"Ukakimbia?"

"Nilikimbia."

Pascasie akamshika ule mkono mzima. "Basi ulimsikia. Ingia, ukule."

Tangu hapo sijaweza kumchukia yule mtu. Nakuomba, mdogo wangu, usiseme tena kwamba Elisée afungwe. Hasira yako ielekee kwa wakubwa wa kiwanda, ambao mpaka leo hawajafika hata kutupa pole.

Grâce anasema atasomea metali kama baba yake. Mama yake hajasema ndiyo wala hapana. Akimwona anasoma usiku, analia, halafu anamwambia asogeze taa karibu, asiharibu macho. Mpigie Pascasie. Usimpe ushauri, msikilize tu.

Shangazi Nyiramana anakusalimu sana, na Grâce pia. Mungu akulinde huko uliko, na siku moja atukutanishe tulie pamoja.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Eugénie