Ptitsa, Ptah, Ptushka: Nuru Kahesabu Kuku

Baba,

Mjukuu wako kahesabu kuku sasa hivi. Usicheke, ngoja nikueleze.

Nilikuwa nawatoa kwenye tenga, kuku wa Singida, wamefika asubuhi hoi kwa safari. Mmoja mmoja namtia bandani. Nuru kasimama palepale ulipokuwa unamsimamisha, vidole kwenye wavu. Namtia wa kwanza, nasikia, "Titsa." Nikadhani Masanja ananitania kule anakonyonyolea kuku. Namtia wa pili, "Tah." Baba, nilimbana yule kuku mpaka akapiga kelele. Wa tatu, "Tushka."

Ile p ya mbele hana. Imemshinda kama inavyonishinda mimi. Lakini mpangilio ni wako uleule, hajaruka hata mmoja.

Ulituacha mtoto anakaribia miaka mitatu na hajawahi kusema neno. Hajasema "maji", hajasema "nipe". Tangu uondoke hata kile kicheko chake cha kukuona wewe kilipotea. Mtaa mzima hapa Kariakoo wananiita Mama Nuru, mteja ananiita Mama Nuru, bodaboda ananiita Mama Nuru, Nuru mwenyewe tu ndiye hajaniita.

Na watu hawanyamazi, unawajua. Mama Salha wa viungo alikuja na kikombe cha maji aliyobakiza kasuku wa jirani yake, eti mtoto akiyanywa ulimi utafunguka. Nikamwambia, dada, kasuku mwenyewe anajua kutukana tu, unataka mwanangu aanze na hilo? Tukacheka mpaka machozi, halafu yangu yakaendelea peke yake. Maji niliyamwaga. Nilimpeleka hospitali kule Upanga, daktari akamkagua, akasema masikio mazima, tuvute subira.

Lakini mama mkwe subira imemwisha. Anakuja Jumamosi kumchukua, aende naye Kilwa. Anasema kelele za Kariakoo zimemziba mtoto, kule atacheza na wenzake na atasema. Simlaumu, anampenda. Hamisi naye anajiumauma, mama yake na mkewe, aseme nini? Kanga za Nuru nimeshazifua, Baba. Nimezikunja. Kila nikizitia kwenye begi nazitoa tena.

Sasa turudi kwa kuku.

Nakumbuka nikiwa mdogo nilikuuliza kwa nini huhesabu moja, mbili, tatu kama watu. Ukasema, "Kiumbe hai hahesabiwi kwa namba, mama yangu. Ukimtia namba umemwonyesha kwa balaa." Hayo uliyatoa Rufiji kwa bibi. Ila bibi yeye hakuhesabu kabisa, na mwenye biashara asipohesabu atalia. Ndipo ukakumbuka wenzako wa bwenini, kule Kiev ulikokwenda kusomea injini ukiwa kijana. Kila mmoja alikufundisha ndege anaitwaje kwao. Mrusi, ptitsa. Wa Ukraini, ptah. Yule wa Belarusi mwenye nywele kama katani, ptushka. Mpolandi, ptak. Mcheki naye ptak, ila anaivuta, ptaak, kama mtu anayepiga mwayo. Mslovaki, vtak. Na wa mwisho Mbulgaria, ptitsa tena, karudi alikoanzia Mrusi. Kuku saba mzunguko mmoja. Ulikuwa unakunja kidole kila mzunguko, na hujawahi kukosea tenga.

Wateja wageni walidhani unawasomea kuku dua. Mmoja aliongeza bei mwenyewe!

Na Masanja alipokuuliza inakuwaje watu wa nchi mbalimbali waseme neno moja, ukamjibu, "Kwani nyinyi? Wewe Msukuma unasema noni, Mnyakyusa injuni, Mhaya enyonyi. Ni tumbo moja hilo, kila mtoto kavaa shati lake." Mimi niliyeishia la saba, hilo sijalisahau. Nikipita Msimbazi nikasikia kila mtu na lugha yake, najisemea, mashati tu hayo.

Nuru alipozaliwa ukamwingiza kazini kabla hajaota meno. Unamkalisha begani, unahesabu, ukifika kuku wa saba unanyamaza. Unamwachia yeye. Anakutazama, kimya. Unamwambia, "Haya, umesema moyoni, nimesikia," unaendelea. Kila siku. Mimi nilikuwa naona unajisumbua, nakwambia Baba mtoto huyu hasemi. Na wewe, "Anajaza tenga lake. Likijaa atafungua kifuniko mwenyewe."

Basi leo kafungua. Wa nne, "Tak." Wa tano, "Taak," na mwayo wake juu! Wa sita, "Vatak." Masanja kaacha kunyonyoa, kasimama na manyoya mkononi. Mama Salha kaweka kiganja mdomoni, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikamshika wa saba.

Nuru akanyamaza. Nikasema moyoni, basi, limeishia hapo. Namtazama, na yeye ananitazama. Ananisubiri. Baba, alikuwa ananiachia mimi. Kama ulivyokuwa unamwachia yeye, sawasawa, hata kichwa kakiinamisha upande.

Ikabidi niseme. "Titsa," nikasema, bila p. Akatikisa kichwa kukubali, kama mzee wa baraza, akageukia tenga tusubiri mzunguko mwingine.

Nimelia, nimecheka, sijui nini kilitangulia. Nimembeba mimi, nimemnyonyesha mimi, na neno lake la kwanza kawapa Warusi. Wivu ninao kidogo, nakuambia kweli. Lakini ni sauti yako ile, imebaki ndani ya mtoto wakati wote huu, na mimi nilikuwa naitafuta kwenye shati lako la kazi.

Mama mkwe akija Jumamosi nitamweka kwenye kigoda mbele ya banda, nimpe kahawa, tufungue tenga. Asikie mwenyewe. Kanga nimeshazitoa kwenye begi, na safari hii sizirudishi.

Hamisi bado hajui, yuko Buguruni kazini. Nimekaa juu ya kreti la soda nakuandikia wewe kwanza. Nuru yuko nyuma ya banda na vifaranga, namsikia anawasomesha.

Pumzika, Baba. Mungu akulaze mahali penye kivuli. Nakuahidi kuku wako hawatahesabiwa kwa namba maadamu mimi niko hapa, na hiyo p nitajifunza hata kama ulimi utakatika. Ijumaa nitamleta makaburini, akuhesabie mwenyewe, na wa saba tutakuachia

Ngoja, naitwa. Mteja hawezi kuwa, wateja huniita Mama Nuru. Hii ni Mama tupu, na inatoka nyuma ya banda, Baba, ni