Tawi la Njia Panda

Kambi ya Mkonge,
Kitomanga.
17 Julai 1955

Kwa dada yangu Apolonia,

Shikamoo dada. Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa marahaba yako haijanifikia tangu siku ya mazishi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mpwa wangu Benedikto, na kwamba miguu ya mama imepata nafuu, na nguruwe hawakuuona mtama wenu mwaka huu. Ukiniuliza mimi, mwili hauna neno, nakula na kulala. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha kuandika.

Najua utasomewa na Mwalimu Valentini, maana ndiye anayesoma barua zote za Njinjo tangu alipokuja kufundisha katekisimu. Nawe Mwalimu nakusalimu, na nina ombi. Soma yote, usiruke mstari, wala usinilainishie neno lililo kali, kwa kuwa nakujua unavyopenda amani. Kama pana watu barazani waache wakae. Waliosikia nikitukanwa wasikie na hili.

Dada, ile doti ya kanga niliyokutumia Pasaka ilirudi. Aliyeirudisha aliniambia umesema huwezi kuvaa nguo ya mtu aliyekalia kiti cha mumeo. Niliipokea nikaitia sandukuni. Ningependa kusema sikukasirika, lakini nitakuwa nimeanza barua kwa uongo. Nilikasirika hata nikasema maneno ambayo Mwalimu asingekubali kuyasoma. Hasira ilipopoa nikaona kwamba kwa yale uliyoyajua hukukosea. Leo nataka ujue yaliyobaki, na nitaanza mwanzo, hata unayoyajua, asije mtu akasema nimeruka mahali.

Pikipiki nilifundishwa na marehemu Klementi. Yeye alijifunza vitani, alikokuwa akipeleka barua za jeshi kwenye matope ya Burma, na aliponifundisha mimi alinitukana kama askari anavyotukanwa. Alikuwa mkubwa wangu, lakini ushemeji ulitufanya watani. Nikianguka aliniambia dada yangu amemdanganya, alimwambia ukoo wetu una watu wenye akili. Nami nilimjibu kwamba kama ukoo ungekuwa na akili usingemwoza yeye. Hivyo ndivyo tulivyoishi hapa kambini, na anayesema tulikuwa maadui hakutuona hata siku moja.

Ni kweli kulikuwa na kiti kimoja cha udereva wa lori, na ni kweli sote wawili tulikitaka. Dereva wa zamani macho yalikuwa yamekwisha. Bwana mkubwa wa shamba, huyu tunayemwita Bwana Kiko kwa sababu hakitoki mdomoni, alisema atamchagua mmoja wetu baada ya safari ya pikipiki. Klementi aliniambia kwamba akipata yeye atanipakia bure, nikipata mimi atapanda juu ya katani bila kunilipa. Tulicheka, yakaisha.

Safari yenyewe hamkuielewa huko, na siwalaumu. Hata mimi niliyekuwa mbele sikuielewa. Wazungu wana barabara nzuri ya kwenda Kilwa, lakini walitaka kupita porini, kutoka hapa Kitomanga mpaka Kikole, kisha Njinjo, kwa njia za miguu, ili wachoke. Mtu wa kwetu akipita huko ni kwa sababu ya msiba au njaa. Wao walipita kwa sababu ya Jumamosi. Alikuwepo Bwana Kiko, wageni wake wawili kutoka Lindi, na yule kijana fundi wa mashine ya mkonge tunayemwita Bwana Mluzi. Mimi nilitangulia kwa kuwa niliwahi kukokota magogo ya mninga kwenye msitu ule nazijua njia zake. Klementi alikuja wa mwisho, juu ya pikipiki kuukuu ya jeshi, amefungiwa madebe ya petroli, vyakula vyao na chupa zao.

Msitu ule ulituonyesha. Mizizi ilitoka ardhini, mchanga ukazika matairi, na kwenye mianzi ilibidi tushuke tusukume. Mbung'o walitufuata, maana mbung'o hupenda kitu kinachokwenda, na mgeni mmoja alijirusha kwenye kichaka cha upupu akiwakimbia, akajikuna mpaka Kikole. Nilicheka ndani ya vumbi langu. Vumbi hilo ndilo lililotuachanisha, kwa sababu kila mmoja alimwacha wa mbele yake aende kwanza ndipo aone njia. Klementi na mzigo wake alibaki nyuma kabisa, hata muungurumo wake hatukuusikia.

Kwa hiyo nilifanya tunavyofanya. Watu wa kwetu wakitembea kwa kuachana, wa mbele akifika njia panda hukata tawi bichi akalilaza kukata njia isiyopitwa. Wa nyuma akilikuta hapiti, wala haulizi nani ameliweka na kwa nini. Mtoto wetu hulijua tawi kabla hajajua kuhesabu, na hata adui halihamishi tawi la mwenziwe, kwa sababu hajui kesho atapita nani wa kwake. Wazungu niliwaeleza asubuhi kabla ya kuondoka, wakaitikia kwa vichwa.

Kabla ya kufika Kikole pana njia panda juu ya mwamba. Ya kushoto ni pana na nzuri, ndiyo tuliyokokotea magogo, lakini masika ya mwaka ule yalikata gema la korongo, na baada ya kona njia inakatika ghafla. Ya kulia ni nyembamba kama ya mbuzi, jiwe tupu lisiloshika alama ya tairi, lakini ndiyo nzima. Nilisimama. Nikakata tawi la msufi pori, kubwa, lenye majani, nikalilaza kushoto. Kushoto, dada. Mkono huu unaoandika ndio uliolilaza. Nikapita kulia.

Tulimngoja Klementi kwenye kijito. Wazungu walikunywa chai ya kwenye chupa, wakasubiri petroli, si yeye. Muda ulipozidi nikarudi peke yangu. Nilipofika njia panda nilikuta tawi langu limelala kulia, limeikata ile njia nyembamba sawasawa, na ya kushoto iko wazi, na alama za matairi kwenye vumbi la ukingoni zimeingia kushoto. Niliacha pikipiki pale nikakimbia kwa miguu.

Nilimkuta chini, juu ya mawe, na madebe juu yake. Alikuwa bado anapumua. Alichoniambia nitakuambia mbele, nikiwa nimepata nguvu.

Watu wa Kikole walikuja na machela. Kila mmoja aliliona tawi lilipokuwa, na kila mmoja alijua nani aliyetangulia. Nikasema nililaza kushoto. Nani angeamini? Tawi halitembei. Hapo ndipo yalipoanza maneno ya kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba shemeji mtu alitaka kiti. Bwana Kiko akawaambia askari kwamba mimi nilichanganyikiwa kwa joto, ni bahati mbaya tu, nisilaumiwe. Alinishika bega mbele ya watu akanisamehe. Na baada ya mazishi akanipa lori.

Nililichukua. Nilidhani ni huruma, na nilidhani nikiwa na mshahara wa dereva mtoto wa Klementi atasoma. Na labda, dada, nilikwisha kuanza kuamini kwamba nilikosea mimi. Mtu akiambiwa na dunia nzima kwamba mkono wake wa kushoto ni wa kulia, iko siku atautazama. Mwaka mzima nimeendesha lori nikiutazama mkono wangu.

Juma lililopita Bwana Mluzi aliniletea pikipiki yake nimkazie mnyororo. Alikuwa na furaha, kwa sababu mwezi ujao wanataka kurudia safari ile ile na wanataka nitangulie tena. Nikiwa nimeinama akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha, kwamba mara hii hatachezea matawi yangu. Nikamwuliza matawi gani. Akasema lile la mwaka jana. Akanieleza bila kushurutishwa na mtu. Alikuwa wa mwisho katika wazungu, akafika kwenye mwamba, akaliona tawi, akaona itachekesha kumpoteza kidogo mbeba petroli, azunguke azunguke, wamcheke akifika amechelewa. Akaingia kushoto hatua chache ili aache alama za tairi, akarudi, akalichukua tawi akalilaza kulia, akalivuka. Alidhani Klementi atatambua kuwa ni mchezo. Alisema kwa mtu aliyezaliwa porini ilikuwa ajabu kuamini jani.

Nikamwuliza nani mwingine anajua. Akasema jioni ile ile alimwambia Bwana Kiko, na Bwana Kiko alimwambia anyamaze, kwa kuwa maiti haifufuki na kijana ana maisha mbele yake. Kisha akapokea pikipiki yake, akaondoka anapiga mluzi.

Basi ndivyo ilivyokuwa, dada. Mzaha mzaha hutumbua usaha. Yule aliyenishika bega akanisamehe alikuwa anajua. Alinisamehe kosa la mtu wao, na kiti kile walinipa ili watu wapate la kusema, na watu wakalisema, na wewe ukalisema. Hukukalishwa na ujane tu, ulikalishwa na uongo pia. Nilikwenda kwa Bwana Kiko siku hiyo hiyo, nikamwambia aende kwa askari akaseme upya. Hakutoa kiko mdomoni. Aliniambia jambo limekwisha, na kwamba dereva mzuri hutazama mbele.

Sitaficha nililolifikiri. Nilifikiri nikubali kutangulia. Nilifikiri nifike pale juu ya mwamba nilaze tawi kulia kwa mkono wangu mwenyewe, ili Bwana Mluzi aifuate njia pana. Nililifikiri usiku na mchana, na nilipata raha ambayo Padre hataipenda. Halafu nikaona ujinga wangu. Bwana Mluzi hataliamini tawi. Ataliruka au atalipiga teke. Anayeliamini ni yule atakayekuwa nyuma yake na petroli, na huyo atakuwa Eusebio wa hapa kambini au mwingine wa kwetu. Silaha hii tuliyo nayo inatuua sisi tu. Hapo nililia, dada, kwa mara ya kwanza tangu kifo kile.

Sasa nikuambie alichoniambia Klementi, maana sijamwambia mtu yeyote, na nilikuwa naogopa kukuambia nisije nikajifunga mwenyewe. Hakulalamika maumivu. Alinitazama akasema, shemeji, mbona umenifungia njia? Nikamwambia sikukufungia, nilifunga huku. Nikarudia na kurudia. Sijui kama alinisikia. Nadhani alikufa akiamini kwamba ni mimi, na hakuwa na hasira, alikuwa ameshangaa tu. Hilo Bwana Mluzi hakulijua, na angelijua asingeacha mluzi wake. Watu wengine wanaweza kusema watakavyo, lakini Klementi nitamjibuje, na yuko wapi nimjibu?

Funguo za lori nimeziweka mezani kwa karani leo asubuhi. Sitatangulia safari yao, na nimewaambia vijana wote hapa kambini kwa nini, kila mmoja kwa jina lake, kabla hawajaombwa. Baada ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa nitakuja Njinjo kwa miguu, kupitia Kikole, kupitia mwamba ule ule. Nitaleta sanduku langu, na ile doti imo ndani.

Siji kukulazimisha. Unaijua ile njia panda ya kisimani, moja inakwenda kanisani, nyingine inakuja mlangoni kwako. Kama baada ya kusomewa haya bado hutaki kuniona, usitume mtu wala usiseme neno. Kata tawi ulilaze kwenye njia ya kwako. Nitaliona, na nitapita kanisani nimsalimie Klementi kaburini, kisha nitarudi nilikotoka bila kugonga. Mimi ni mtu wa kwetu, tawi nalisoma. Ila nakuomba uliweke wewe mwenyewe, kwa mkono wako, asilihamishe mtu.

Nisalimie mama, umwambie asipige magoti kuniombea mpaka miguu ipone. Mpwa wangu umwambie mjomba anakuja, au usimwambie, kadiri utakavyoamua. Mwalimu Valentini, asante kwa sauti yako. Kama umefika hapa bila kuruka, Mungu akulipe.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,

Severini
niliyelaza kushoto.