Vidonge Nilivyomgawia Dada

Jumatatu, 3 Machi
Vidonge viwili baada ya uji, viwili baada ya chakula cha jioni. Miezi minane sasa. Mirija ya nyongo ndani ya ini langu inaharibika polepole. Dawa inasaidia nyongo itiririke. Daktari alisema ni ya maisha. Duka la dawa la mjini huniagizia Dar, boksi moja kwa mwezi. Leo nimesahihisha madaftari yote ya darasa la tano bila kujikuna.

Alhamisi, 6 Machi
Ujiji, kwa dada Zainabu. Ana mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ameambiwa apasuliwe. Hataki. Mama aliingia chumba cha upasuaji akiwa anatembea, hakutoka. Jirani kamwambia dawa yangu huyeyusha mawe.
"Nigawie, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekulea."
Kweli alinilea. Nimempa nusu ya boksi.

Jumapili, 23 Machi
Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwasho umerudi, umeanzia nyayoni. Dada anasema maumivu yake yametulia. Nimefurahi. Nimekasirika pia.

Jumatano, 16 Aprili
Majibu ya damu mabaya. Daktari kauliza kama nameza dozi yote. Nikasema ndiyo. Nilipofika mlangoni nikarudi, nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Akasema dawa hii huyeyusha mawe madogo tu, tena si ya kila aina, na kwa miezi mingi. Aliangalia picha ya kipimo cha dada kwenye simu yangu. Mawe yake makubwa mno.
"Mwalimu, hapo hatibiwi hata mmoja."

Alhamisi, 17 Aprili
Nimemwambia dada simpi tena, akubali upasuaji.  Nilipoaga akasema, "Kumbe unanitakia kisu."  Nimerudi nyumbani Rusimbi kwa miguu.

Jumanne, 22 Aprili
Shemeji kapiga simu nikiwa darasani. Dada ana homa, anatetemeka, macho ya manjano. Jiwe limeziba mrija. Nilimkuta hospitali, ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, anasubiri kuingizwa chumba cha upasuaji.
"Nikifa, watoto wangu ni wako."
"Sawa, dada."
Wakamsukuma ndani.

Jumatano, 23 Aprili
Yu hai. Wametoa mawe matano. Muuguzi alinionyesha kwenye kichupa; moja kama kokwa ya chikichi. Nikaenda chooni, nikalia, nikanawa uso.

Jumamosi, 10 Mei
Nimerudia vidonge vinne. Mwasho umebaki kwenye viganja tu. Nimeshinda Ujiji. Dada anatembea mwenyewe, amepungua sana. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Tumechambua mchele ukumbini, kila mtu na ungo wake. Akasinzia, ungo mapajani. Niliuchukua taratibu asiamke, nikamalizia wa kwake.