Pedi ya Breki Iliyowekwa Kinyume

Jumamosi, Gatina

Eti Baba hahitaji fundi. Leo mimi naye tumeshinda nje ya ploti tunayoishi tukibadilisha pedi za breki za gari yake, huku majirani wakitutazama kutoka kila ghorofa kama watu waliolipa kiingilio.

"Mwende, shika hiyo jeki vizuri. Hii kazi nilianza kabla uzaliwe."

Labda ndiyo maana ameisahau. Pedi moja aliiweka kinyume, chuma kikiangalia diski. Nilipomwonyesha, aliipapasa kwa kidole gumba, kisha akasema siku hizi viwanda vinatengeneza takataka. Nilimcheka mbele ya ploti nzima.

Halafu akaniletea spana. "Hebu soma, hii ni namba ngapi?"

Kumi na nne, imechorwa kubwa kama jina la duka. Kicheko kikaniisha. Baba haoni vizuri, na Jumatatu anabeba watoto wa shule kuwapeleka Riruta.

Alipoenda kunawa, niliigeuza ile pedi, nikakaza nati zote, nikachukua ufunguo wa gari.

Najua kesho atautafuta, na atanifokea. Nimeamua kumwambia ufunguo atapewa na daktari wa macho.