Mwambie Hubert Arudi Kushika Kamba

Kisangani, Kabondo
Tarehe 16, mwezi wa tatu, 2025

Mpendwa mudogo yangu Micheline,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako Honorine. Habari ya Kindu? Habari ya mugongo, ile yenye ilikuwa inakukamata ukiinama kufua? Shemeji yangu Thierry iko na afya? Watoto wanasoma, wanakula? Najijibu mimi mwenyewe mu moyo kwamba muko wazima, juu habari mubaya inakimbia kupita baiskeli ya toleka, ingekuwa imeishafika.

Huku kwetu, Koko Ursule, mama mukwe yangu, iko. Macho inapunguka, lakini masikio inasikia hata kile hatutaki asikie. Papa Théodore, bwana yangu, iko, anakusalimia, kila asubui anaenda Bangboka kupakia mizigo ya ndege, na nyororo ya kinga yake, ile baiskeli ya zamani, inakatika kila juma. Binti yetu Falonne iko, mutoto wake ameota meno mbili ya chini na anauma kila mutu mwenye kumubeba. Hata kuku yako nyeusi uliyotuachia ingali, imekuwa mukubwa ya kiwanja.

Mutoto yangu Nephtali nimemuweka ya mwisho kwa kusudi. Anakusalimia, mama mudogo yake. Anakusalimia amesimama. Soma tena hapo, Micheline: amesimama.

Namba yako ya telefone haipite tangu mwaka jana. Labda uliibadilisha, labda ulichoka na sisi. Sikulaumu. Ndiyo sababu nimekamata kalamu, mimi mwenye niliacha masomo mapema na mukono yangu iko nzito. Mama Zaina anaenda na bidhaa yake mpaka Kindu, amesema ataiweka barua mu mukono yako. Nataka uisome mbele ya mutoto yako Hubert. Akikataa kusikia, umusomee ku mulango.

Neno njo hii: mutoto yangu hakufa, na mutoto yako hakumuua. Nataka Hubert arudi. Ingine yote mu barua hii ni kueleza tu.

Nianze pale ku mayi, juu wewe ulisikia maneno ya watu, bado kusikia ya Nephtali. Unakumbuka kazi ya wale wawili: baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, ilizama mu mto chini ya Yanonge na muteur yake, mwenye mali akawaita wamutolee ile muteur. Nephtali anaingia chini na tuyau ya upepo mu kinywa, anapumua upepo ya masini ile ile yenye wanajazia mapira ya magurudumu ya kamio. Hubert anabakia juu ya mutumbwi, anashika kamba yenye imefungwa ku kiuno ya ndugu yake. Chini kule macho haifanye kazi, mayi ni nyeusi sawa chai. Sauti haiko. Kuna kamba tu. Nephtali akivuta mara moja, anauliza: uko? Hubert anavuta mara moja: niko. Mara mbili ni kusema: nipandishe.

Ile siku Nephtali aliingia na kupanda, aliingia na kupanda, tangu asubui, juu muteur ilikuwa imeonekana na mwenye mali alikuwa anapiga kelele. Ku mwisho masini ikazima, mayi ilikuwa imechanganyika mu mafuta ya essence. Mutoto akavuta pumuzi, hakuna kitu. Akavuta kamba mara mbili. Hubert hakungoja. Alimupandisha mbio, mukono mbele ya mukono, mpaka kamba ikamuchuna ngozi ya viganja.

Nephtali alitoka akicheka. Akakaa mu mutumbwi, akaomba kwanga ya muhogo, akamutania mwenzake: “Unanivuta sawa samaki capitaine ya kupeleka sokoni?” Kisha ngozi ikaanza kumuwasha. Kisha akageuka, akauliza: “Nani amenikalia miguu?”

Hakuna mutu alikuwa amemukalia.

Walimuleta ku lopitalo hapa mujini, Hubert ameweka kichwa ya ndugu yake juu ya mapaja njia yote. Docteur akatueleza vizuri, hata mimi nikaelewa. Akasema: mama, umeishaona bidon ya pombe ya ngazi, ile ya michikichi, yenye imesafiri juu ya kinga mu jua? Ukifungua pole pole, upepo inatoka. Ukifungua mara moja, inakurukia ku uso. Chini ya mayi upepo inaingia mu damu, na inataka kutoka pole pole. Kwa Nephtali ilitoka mara moja, ikaumiza uti ya mugongo. Kuna chumba cha masini cha kutibia ugonjwa hii, lakini si huku kwetu.

Nikauliza: basi ingefaa apandishwe pole pole? Akajibu, “Na angepumua nini njiani, mama? Kama yule kijana angekawia, leo tungekuwa tunazungumuza juu ya sanduku.”

Weka neno hii ku moyo. Mukono yenye ilimuumiza njo mukono yenye ilimuokoa. Hapana mikono mbili.

Lakini wakati mimi nilikuwa nimelala chini ya kitanda ya mugonjwa, ku nyumba watu walikuwa na docteur wao. Shemeji Jean-Paul, kaka mukubwa ya Théodore, alikaa katikati ya kiwanja na kusema Hubert amemuuza ndugu yake kwa wenye mayi, wale pepo wa mto. Eti angalieni: mwenye kushika kamba anarudi muzima, mwenye kufungwa kamba anarudi bila miguu. Alisema vile Hubert akisikia. Niliporudi kuchukua nguo, nikakuta godoro ya mutoto yako imekunjwa vizuri, sawa ya mutu mwenye hana nia ya kurudi.

Sitakuficha, Micheline, ilikuwa ngumu. Mutu muzima na ndevu yake, namuosha sawa siku nilimuzaa. Siku moja alitupa sahani ya lituma, ndizi ya kutwanga, ku ukuta, akasema, “Mama, muniache.” Nikaokota sahani, nikaweka lituma ingine. Nikamuambia, “Tupa tena. Ndizi iko mingi Kisangani.” Akala.

Kuna musichana ku lopitalo, Chantal, kazi yake ni kufundisha miguu. Mwili kidogo, huruma hakuna, na namupenda juu ya hiyo. Anafinya, anakunja, anasema: tena. Mutoto analia, anasema: tena. Mpaka kidole kikubwa cha muguu ya kuume kikatikisika. Papa Théodore aliangalia kile kidole sawa anaangalia ndege yenye inashuka.

Tulipotoka lopitalo, Théodore akasimamisha mianzi mistari mbili mu kiwanja, Nephtali apite katikati akishika. Alishika, akasimama, akakataa kutembea. Nikaona si uvivu, ni woga: nyuma yake mutu hayuko. Alors nikafungua kamba yangu ya kuanika nguo, nikaifunga ku kiuno yake, nikasimama nyuma.

Kamba ikavutika kidogo mu mukono yangu. Sikujua ni swali. Akangoja, akangoja, kisha akageuza kichwa na hasira: “Mama, jibu.”

Nikavuta mara moja. Akatupa muguu mbele.

Tangu hapo njo vile tunatembea. Watu ya jirani wanasema Mama Nephtali anachunga mbuzi wa ndevu. Waseme. Mimi nilijua ile siku kile Hubert alikuwa kwa ndugu yake. Mu giza ya mayi, Hubert njo alikuwa neno yake yote.

Nikamusumbua Théodore mpaka akaita mukutano ya familia. Jean-Paul alifika na uso ya kununa. “Mama Nephtali, unataka kurudisha ndoki, huyu mulozi, ku mulango yako mwenyewe?”

Nikamuambia, “Shemeji, ile siku wewe ulishika kamba gani?”

Koko Ursule akajibu toka ku mukeka yake, “Huyu alishika glasi ya pombe.” Watu wakacheka, hata Théodore, mwenye hacheki mbele ya kaka yake.

Hapo Nephtali akainuka ku kiti. Fimbo aliiacha chini. Miguu ilikuwa inatetemeka, nikataka kukimbia, Théodore akanishika kitenge. Mutoto akasema, “Tonton, chini kule niliuliza kila wakati, uko? Na kila wakati Hubert alijibu. Wewe nimelala hapa mbele ya macho yako, bado kuniuliza hata mara moja.”

Bon. Jean-Paul akasema atarudisha neno yake: atashika mayi mu kinywa na kuitema chini, vile wazee wetu wanafanya. Lakini unajua desturi. Neno inarudishwa mbele ya mutu mwenye ilimupiga. Hubert asipokuwapo, neno ile inabakia mu kiwanja yetu.

Na sasa jambo yenye inaninyima usingizi. Chantal anasema kiwanja imekuwa kidogo, lazima Nephtali atembee barabarani, mbali. Muguu ya kushoto bado inakokota, na anasema muguu yenye haitembezwi inasahau. Mimi mikono yangu haina nguvu: alipoteleza juzi alinivuta, tukaanguka sisi wote wawili mu matope. Théodore iko kazini. Nephtali anasema atatoka Kabondo kwa miguu mpaka libongo, pale mitumbwi ya kutoka Lubunga, ngambo ya mto, inafikia, siku Hubert anavuka. Mbele ya ile siku, hapana. Nimemugombeza, nimemubembeleza. Kichwa yake ni ya baba yake. Yeye anangoja, na muguu inasahau.

Mu mayi hatarudi, docteur amekataza na mimi nimeapa. Kwa sasa anatengeneza kinga za toleka mbele ya nyumba, amekaa, anajaza mapira na pompe ya mukono. Anasema upepo ni ile ile, ila sasa yeye njo anaipa amri. Anatafuta mutu mwenye miguu wa kupanda zile kinga na kuzijaribu mpaka ku kona. Ameshakataa vijana wawili, eti hawajui kujibu.

Mama Zaina aliona kijana sawa Hubert ku gare ya treni ya Kindu, anabeba mizigo. Alipomuita, akaficha uso. Kama wewe ulimuficha, mudogo yangu, ulifanya kazi ya mama. Mimi ningemuficha vile vile. Sasa mutoe. Umuambie akifika Lubunga asiogope mutu. Jean-Paul mwenyewe atakuwa ku libongo, na mimi nitakuwa mbele ya Jean-Paul.

Unisalimie shemeji Thierry, unisalimie Bibiche na wadogo zake, mama mukwe yako, na wote wanaokaa mustari moja na wewe ku kanisa. Mungu mwenye alimutoa mutoto yangu chini ya mayi amulete na wako juu ya mayi, salama.

Mimi dada yako mwenye kukupenda, ukijibu na hata ukinyamaza,
Honorine, Mama Nephtali

N.B. Usinyamaze. Fanya mbio, Mama Zaina hatakawia Kindu. Na kama Hubert hataki kuandika wala kusema, sawa. Namba yangu ni ile ya zamani, anaijua. Hana unités za kupiga, hapana shida, akifika Lubunga apige bip moja tu. Telefone nimeifunga mu kitenge muchana kutwa. Ikilia mara moja na kukatika, nitamujibu na yangu mara moja, kisha nitamuambia Nephtali avae viatu.