Sisimizi Ndani ya Gari

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Nimekamua kapeti tena kabla ya chai. Mkebe mmoja na nusu wa maji meusi. Yanaingia kwa mpira wa kioo cha mbele, upande wa abiria, na mvua haijapumzika siku tisa. Kiti cha nyuma kimeota kuvu ya kijani. Harufu ni ya gunia lililosahaulika. Sisimizi wanapanda mlangoni kwa mstari, wanaingia chini ya dashibodi, sijui wanafuata nini.

Nimemwambia mke wangu Kalondu gari haliwezi kutembea mpaka likauke. Amekubali. Nikasikia nafuu. Halafu hiyo nafuu ikanitia hofu.

Jumatano, 5 Novemba

Sijaandika habari ya tarehe 14 Oktoba. Naandika leo. Kalondu haoni tena maandishi, mtoto wa jicho amefunika macho yote mawili, kwa hivyo daftari hili ni langu peke yangu.

Nilikuwa narudi kutoka Machakos, peke yangu, mlima wa kuja Kathiani. Mkono wa kushoto ukaanza. Kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi, kutoka kidole gumba mpaka kiwiko. Nikafikiri nitajikuna. Baada ya hapo sina kitu. Halafu mahindi. Mahindi kwenye kioo, mahindi pande zote, injini imezima. Ulimi nimeuuma. Suruali imelowa, na si mvua.

Mama mwenye shamba akaja mbio. Alidhani nimeteleza kwa matope. Nikasema ndiyo, matope. Nyumbani nikasema vilevile.

Miaka ishirini na sita nimeendesha magari ya serikali. Kama ng'ambo ile ya barabara ndiyo ningeingia, kule ni bonde.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimewapata. Niliinua kapeti chini ya usukani, na felti iliyo chini yake ilikuwa hai. Maelfu. Mayai meupe kama punje za mchele, wanayabeba huku na huku. Walinipanda mkono wa kushoto mpaka kwenye mkunjo wa shati. Nikakaa bila kusogea, nangoja kuanguka. Sikuanguka. Niliwaona kwa macho yangu. Sisimizi wa kweli.

Sijawahi kufurahia wadudu namna hii. Labda hata siku ile walikuwa wao. Labda niliumwa, nikashtuka, nikakata kona vibaya. Mtu anaweza kushtuka.

Nimerudisha kapeti vile lilivyokuwa. Sikumwaga dawa.

Jumatano, 12 Novemba

Barua ya hospitali imefika. Daktari wa macho atampasua Kalondu jicho la kulia Ijumaa tarehe 28. Awepo saa tatu asubuhi. Akikosa, atangoja mpaka mwaka ujao daktari akirudi.

Nilimsomea mwenyewe. Kabla ya kufungua mdomo nilifikiri kusoma tarehe nyingine. Nilifikiri kabisa. Ninaona aibu kuandika. Nikamsomea ya kweli, akakunja mikono kifuani kama msichana.

Jumapili, 16 Novemba

Baada ya misa Kalondu amewaambia wanawake wote kwamba mume wake atampeleka. Matatu hazipandi tena huku juu, zinageuzia kwa lami. Kutoka hapa mpaka lami ni saa mbili kwa mguu mkavu, na yeye hapapasi tu njia, anapapasa hata mlango wetu. Wakanipongeza. Mmoja akaniambia nina bahati ya kuwa na gari wakati huu.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 18 Novemba

Zizini, nikishika kopo la maziwa. Mkono wa kushoto. Haukuzidi pumzi mbili tatu. Kopo halikuanguka. Nilikuwa nimetoka garini punde, na labda mmoja alibaki kwenye shati. Nilipoangalia sikumwona. Wanakimbia upesi.

Wanakimbia upesi. Nimejiambia hivyo mchana kutwa.

Ijumaa, 21 Novemba

Zimebaki siku saba. Nimekaa garini asubuhi nzima, vioo vimefunga ukungu, sisimizi wanapita kwenye usukani. Wamezidi. Sasa wanatoka hata kwenye matundu ya hewa. Nikasema moyoni, wakizidi hivi hakuna atakayenidai safari.

Mchana Kalondu akaniambia ametuma mtu amwite Fundi Kilonzo. Anakuja kesho. Hakuniuliza. Amechoka kuningoja, nami sina la kumlaumu.

Jumamosi, 22 Novemba

Kilonzo ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mikono mipana, hasemi sana. Amefungua mlango akarudi nyuma hatua moja.

"Mzee, hii umeiacha ikafika hapa?" akauliza.

Nilimfundisha mimi kazi ya magari zamani kidogo, na gari langu lilikuwa ndilo la mfano.

Akatoa viti vyote. Akatoa kapeti na felti, akaichoma ile felti mbali na nyumba. Kiota kingine kilikuwa ndani ya mlango, kingine nyuma ya kisanduku cha fyuzi. Akamwaga maji ya moto, akapiga dawa ya unga, akapangusa chuma kwa mafuta ya taa mpaka kikang'aa. Mpira wa kioo akaubandika upya. Akawasha jiko la makaa, akaliweka ndani, milango wazi, unyevu ukatoka kama mvuke wa sufuria. Nilisimama pale nikimpa spana. Kila mstari wa sisimizi uliokatika, mimi nilipungukiwa.

Jioni akanawa mikono. "Sasa hata mtoto mchanga anaweza kulala humu," akasema.

Nikamshukuru. Nilitamani kumpiga.

Jumanne, 25 Novemba

Jua la kwanza baada ya majuma manne. Viti vimerudi. Sakafu kavu. Nimekagua kwa tochi, chini ya dashibodi, kwenye bawaba za mlango, kwenye buti. Hakuna hata mmoja.

Nikawasha injini ili betri ichaji. Nikakaa. Nikajisikia kama mtu anayengoja kuitwa mbele ya hakimu. Na mkono ukaanza.

Niliuangalia. Nimeuinua mbele ya macho, kwenye jua. Ngozi tupu. Nikausugua kwenye suruali. Wanatembea, kidole gumba, kiganja, mkono, kiwiko, na hakuna kitu. Nilitaka kumwita Kalondu, jina lake likakataa kutoka.

Nilipoamka injini ilikuwa bado inanguruma. Mate yamejaa kwenye usukani. Kuku wawili wamepanda boneti wanaota jua. Kalondu alikuwa jikoni anaimba wimbo wa kanisa, hajui.

Si sisimizi. Hawakuwa sisimizi hata siku ile.

Kifafa. Nimeandika. Kule kwetu nilipokulia, mtu wa namna hiyo alipewa kikombe chake peke yake na watoto waliambiwa wamkimbie.

Alhamisi, 27 Novemba

Nitaendesha. Nimefikiri siku mbili. Nitatembea polepole, gia ya pili mpaka lami. Mkono ukianza nitakanyaga breki. Kuna muda kidogo kati ya mkono na giza. Sijui ni kiasi gani. Jumanne sikuhesabu.

Akikosa kesho atakaa gizani mpaka mwaka ujao. Nikimwambia, atajua alilala miaka yote hii na mtu gani.

Kalondu amepiga pasi gauni lake la bluu, anatafuta mikunjo kwa vidole. Nimemwangalia nikaogopa sana. Siwezi kula.

Ijumaa, 28 Novemba

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mvua ya rasharasha. Kalondu kando yangu, mkoba magotini. Alisema gari linanukia vizuri. Nikaingiza gia. Tulipofika getini barabara ikaonekana, inashuka, nyekundu, maji yanapita katikati. Mkono wangu haukuwa na kitu. Nataka hilo lijulikane, hata kama ni kwa daftari tu. Haukuwa na kitu kabisa, na bado sikuweza. Nilimwona ameketi pale, hana habari, ameniamini mimi nimwonee njia.

Nikazima injini. Nikavuta breki ya mkono.

"Ni nini, Baba Mwende?" akauliza.

Nikamwambia yote. Mahindi, zizi, Jumanne. Nikalitaja lile jina. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilipomaliza mvua ilikuwa inagonga bati la gari.

"Nilidhani umeanza kunywa," akasema. "Kila asubuhi unajifungia kwa gari. Nilikuwa nakunusa ukiingia nyumbani."

"Sijanywa."

"Sasa najua." Akatafuta mkono wangu, akaupata, ule wa kushoto. "Na ungenipeleka hivyo mpaka wapi?"

"Nimesimama," nikasema.

"Ndiyo. Umesimama." Akafungua mlango wake. "Shuka. Tutachelewa."

Tukaenda kwa miguu. Alivua viatu, akashika mkanda wangu kwa nyuma, mimi namwambia jiwe, shimo, maji. Alianguka mara mbili. Gauni la bluu likawa jekundu mpaka kiunoni. Mahali pabaya zaidi, chini ya kanisa, niliogopa mkono usije ukaanza na yeye amenishika. Nikamwambia hivyo. Akasema ukianza niketi chini, naye ataketi, mambo yaishe. Hakuna kitu cha ajabu alichosema, lakini nilitembea vizuri zaidi baada ya hapo.

Tukapata gari kwenye lami. Tulifika saa tatu na nusu. Muuguzi alituangalia matope yetu, akaanza kusema tumechelewa, halafu akaacha. Kalondu alikuwa wa mwisho kuingia. Kabla hawajamchukua alimwambia yule muuguzi, kwa sauti, watu wote wakisikia, kwamba mume wake pia ana ugonjwa na aonwe leo.

Nilitaka ardhi inimeze. Hakuna aliyekimbia.

Jumapili, 30 Novemba

Nimelala kwa binamu yangu hapa mjini. Kalondu yuko wadi, jicho limefungwa, anakula vizuri.

Daktari aliyeniona ni kijana mdogo. Aliniuliza maswali mengi na akaandika. Amenipa vidonge, kimoja kila jioni, nisikose hata siku moja. Nilimuuliza kuhusu kuendesha. Alisema hapana. Hakulainisha. Nilimuuliza tena, kama mtoto, akasema hapana tena.

Bado naogopa. Naogopa vidonge, naogopa visifanye kazi, naogopa watu wa kanisa. Lakini siogopi tena peke yangu, na hiyo ni tofauti.

Jumamosi, 6 Desemba

Kilonzo amekuja kuchukua gari. Litakaa kwake, atakuwa akilitumia, na Jumapili atatupitia. Nilimpa ufunguo getini. Alijua tayari. Alisema tu kwamba klachi inahitaji kukazwa, nikamwambia ni kweli.

Kalondu ametolewa bandeji juzi. Leo jua lilikuwa zuri akakaa nje na ungo, anachagua mawe kwenye maharagwe, peke yake, bila kupapasa. Nilipopita akaniita. Akaniangalia uso kwa muda, huku na huku, kama anayesoma.

"Umezeeka, Baba Mwende," akasema.

"Na wewe pia."

Akacheka. Akasogea kwenye gogo alilokalia, nikaketi, akaweka ungo katikati yetu.