Mwezi Nilioacha Chumvi

Jumatatu, 3 Juni

Chai ya mdalasini, bila sukari. Nimeinywa kwenye jiwe langu mlangoni pa jikoni, nikingoja ukungu uondoke. Ulipoondoka nikakiona kijiji chote cha Matombo kule chini, mpaka bati la kanisa. Kisha kijitoni kutia miguu. Maji baridi hadi meno yanauma. Raha tupu, wala haina kiingilio.

Leo siku ya nne sijatia chumvi kwenye chakula. Zahanati walikuta presha iko juu, nikapewa vidonge. Konso, binti yangu, kapiga simu kutoka Dar. Nikipimwa tena na haijashuka, anakuja kunichukua nikakae kwake, ghorofa ya tatu. Mimi! Huko miguu nitaitia wapi? Kwenye ndoo?

Alhamisi, 6 Juni

Konso kaongeza masharti. Nisiende shamba. Nisishuke kijitoni. Nisikae nje asubuhi kwenye baridi. Nipumzike.

Nimetii. Nimeshinda ndani natazama kalenda ya ukutani. Nimechoka kuliko siku ya kuvuna.

Jioni maharage. Bila chumvi ni adhabu. Nimeongeza magadi, angalau yameiva haraka na kushuka kooni.

Jumanne, 11 Juni

Mwajuma, jirani yangu, kaja kunichungulia. Kanikuta kitandani na kanga mbili juu yangu. "Shoga, hii eda ya nani tena?" Nimecheka mpaka nikakohoa. Alipoondoka nikanuna upya.

Mlenda jioni. Magadi tele, chumvi hakuna. Najisifu.

Ijumaa, 14 Juni

Presha imepanda. Imepanda!

Nimelia mbele ya nesi, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa. Vidonge sijaruka hata kimoja. Chumvi nimeacha. Raha zangu zote nimeacha. Sasa walitaka niache nini tena?

Konso anakuja keshokutwa na gari. Kasema nifungashe. Simlaumu. Baba yake aliangushwa na presha hiyo hiyo, hapa hapa jikoni, hakuamka. Mtoto anaogopa. Hata mimi naogopa. Ila kule ghorofani nitaoza, najijua.

Jumamosi, 15 Juni

Begi nimelifunga. Nikampelekea nesi kichane cha ndizi, kumuaga.

Kaniuliza napikia nini. Nikamtajia kwa maringo: chumvi hapana, samaki wa kukausha hapana.

"Na magadi, bibi?"

"Magadi si chumvi, mwanangu."

Akashika kichwa. Kumbe kwa presha magadi na chumvi ni ndugu. Na mimi, kwa kukosa ladha, nilikuwa natia mara mbili ya zamani! Kila siku! Mtu mzima na mvi zake. Nimecheka peke yangu njia nzima, watu wakanitazama.

Kingine: kutembea hajanikataza. Kasema kulala mchana kutwa ndiko kunakoniharibu. Nishuke kijitoni, niende shamba polepole, vidonge nisiache.

Nikampigia Konso, nikaomba wiki tatu. Kasema tatu, mama, siku haiongezeki.

Jumatano, 26 Juni

Maharage bila magadi, jamani! Yako motoni tangu asubuhi, magumu kama changarawe. Mwanzoni nilikasirika, nikakitukana hata chungu. Baadaye Mwajuma akaja na kigoda chake na karanga za kumenya. Tukamenya, tukasengenya kidogo, moto unalia taratibu. Nilikuwa sijui kama kungoja chungu kuna utamu wake. Yameiva jua likielekea kuzama. Nimekamulia ndimu, nikatia tangawizi. Nimekula sahani mbili.

Miguu kijitoni leo mara mbili pia. Begi bado limefungwa, liko nyuma ya mlango. Nalipita silitazami.

Jumamosi, 6 Julai

Konso kafika mapema, kanipeleka zahanati. Moyo ulikuwa unadunda mpaka nesi akaniambia nikae kwanza nipumue. Kapima. Kapima tena.

Imeshuka. Nesi kasema niendelee hivi hivi, na vidonge vyangu.

Konso alikuwa amesimama nyuma yangu, funguo za gari mkononi. Kageukia dirishani akafuta macho kwa kiganja, kama alivyokuwa akifanya baba yake.

Nyumbani nikafungua begi, nikarudisha kanga zangu kabatini moja moja.

Jumapili, 7 Julai

Baada ya misa ya kwanza Konso alikuwa aondoke. Saa nne bado yuko kwenye jiwe langu, kajifunga kanga yangu, miguu imelowa. Chai ya mdalasini kaongeza mara ya tatu. Mimi nimekaa kwenye kigoda.

Funguo kazitundika kwenye msumari karibu na kalenda.

Kauliza maharage yataiva saa ngapi. Nimemwambia bado sana. Kasema sawa, atangoja.